Shamba dogo mwishoni mwa kiangazi: kugawa maji, kuokoa mazao na kulinda mifugo

Kinachoangusha mashamba mengi madogo kiangazi kinapokaribia kwisha si uchache wa maji peke yake. Ni kuyagawa sawasawa. Kila tuta linapata kidogo, kila mti unaloweshwa juujuu, na baada ya wiki tatu hakuna kilichokufa lakini hakuna kitakachovunwa. Hesabu maji na malisho mapema, amua nini kitaachwa, kisha kinachobaki kipewe haki yake yote. Uamuzi huo unauma, na ukicheleweshwa unauma zaidi.

Pima kwanza

Anza na chanzo. Chukua ndoo ya lita 20 na saa. Ikijaa kwa dakika 2, bomba linatoa lita 10 kwa dakika, yaani lita 600 kwa saa. Hicho ni kipimo cha bomba, si cha kisima. Kisima kipime kwa kamba yenye uzito mwishoni: ishushe asubuhi kabla ya kuvuta maji, weka fundo usawa wa mdomo wa kisima na uangalie sehemu iliyolowa, vuta maji kama kawaida, kisha rudia kupima kila baada ya saa moja uone maji yanarudi kwa kasi gani. Kisima kinachorudi polepole kivutwe mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo, maji yakihifadhiwa kwenye tangi. Ukivuta mpaka chini, unachota tope, na pampu ya kuzamishwa ambayo hupozwa na maji yenyewe inaungua.

Sasa orodhesha wanywaji. Viwango hivi ni vya siku moja ya joto kali:

- Ng'ombe wa maziwa: lita 60 hadi 100, kutegemea ukubwa na maziwa anayotoa
- Mbuzi au kondoo: lita 5 hadi 10
- Nguruwe anayenyonyesha: lita 20 hadi 30, wakati mwingine zaidi
- Kuku 20 watagaji: lita 8 hadi 10

Chukua shamba lenye kisima kinachotoa lita 400 kwa siku. Lina ng'ombe mmoja (lita 80), mbuzi wanne (lita 32), kuku 20 (lita 10) na nyumba inayotumia lita 100. Hapo zimekwenda lita 222. Zinabaki 178, sawa na lita 1,246 kwa wiki.

Lita hizo zinatosha bustani ya ukubwa gani? Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mboga nyingi wakati wa joto zinahitaji milimita 25 hadi 40 kwa wiki. Tukichukua 30, lita 1,246 zinatosha mita za mraba 41 tu. Kama bustani ina mita za mraba 120, kila mita ikipewa lita 10, bustani nzima itaishi kwa kiu. Theluthi moja ikihudumiwa vizuri italisha nyumba.

Kabla ya kukubali hesabu hiyo, zunguka utafute maji yanayopotea. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 10 kwa siku. Boya la birika la kunyweshea mifugo likikwama, tangi zima linaisha usiku mmoja. Njia rahisi ya kugundua uvujaji uliojificha: weka alama kwenye tangi jioni watu wakimaliza kutumia maji, fungia valvu ya kuingizia, kisha angalia alama alfajiri. Maji yakiwa yameshuka, fuata bomba ukitafuta nyasi za kijani mahali ambapo kila kitu kingine kimekauka.

Mmea upi upate maji

Usichague kwa huruma wala kwa kuangalia ulionyauka zaidi. Chagua kwa hatua ya ukuaji. Mahindi hayasamehe kiu katika wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya kutoa ndevu. Yakikosa maji hapo, gunzi linabaki na mapengo hata mvua ije baadaye. Maharage hudondosha maua. Viazi vinataka maji vinapoanza kutunga na kunenepa. Kabichi inataka maji inapofunga kichwa, na ikipata mengi ghafla baada ya kiu ndefu kichwa kinapasuka.

Vitunguu ambavyo majani yameanza kulala havihitaji tone tena. Ukiendelea kumwagilia vitaoza ghalani. Maboga yaliyokwisha kufikia ukubwa yaache. Saladi iliyotoa shina la maua imekuwa chungu, kwa hiyo ing'oe uwape kuku. Mahindi yaliyokauka majani ya chini na hayajatoa mbelewele, huku hakuna dalili ya mvua, yakatwe sasa yawe malisho, kwa tahadhari iliyo mbele kidogo katika mwongozo huu.

Miti ya matunda iliyokomaa huvumilia, ingawa matunda yatakuwa madogo. Mche wa mwaka wa kwanza na wa pili hauvumilii, na ukifa umepoteza miaka, si msimu. Miche itangulie mbele ya mboga: lita 20 hadi 40 kwa kila mche, mara moja kwa wiki, ndani ya kisahani cha udongo chenye upana wa sentimita 80 hadi 100.

Kumwagilia kwa kina

Mizizi hufuata maji. Ukilowesha sentimita 5 za juu kila jioni, mizizi itabaki huko huko juu, na siku moja ukikosa kumwagilia mmea unaanguka. Maji ya kutosha mara mbili kwa wiki ni bora kuliko machache kila siku, isipokuwa kwa mbegu zinazoota na miche iliyohamishwa karibuni. Kwenye udongo wa kichanga gawa kiasi kilekile cha wiki mara tatu au nne, kwa sababu mchanga haushiki maji.

Usiamini uso wa udongo. Chimba kwa kijiko cha bustani hadi sentimita 15, chota udongo, uminye kwenye kiganja. Ukishikamana na kuacha unyevu mkononi, usimwagilie leo. Ukishikamana lakini ukavunjika ukiguswa, mwagilia kesho asubuhi. Ukiwa unga au mabonge magumu, umechelewa. Rudia kipimo saa chache baada ya kumwagilia ili uone maji yamefika wapi. Milimita 25 hushuka takriban sentimita 30 kwenye mchanga, 15 hadi 25 kwenye udongo tifutifu, na zisizozidi 12 kwenye mfinyanzi.

Udongo uliokauka kabisa hukataa maji. Yanasimama juu kama matone ya mafuta kisha yanakimbilia njiani. Usiongeze kasi. Mwaga lita 2 kwa kila mita ya mraba, ngoja dakika 15, mwaga tena, ndipo utoe kilichobaki. Mfinyanzi uliopasuka upalilie juujuu, sentimita 2 hadi 3 tu, ili kufunga nyufa. Nyufa hizo hukausha tabaka za chini na kukata mizizi.

Wakati mzuri ni alfajiri, kati ya saa kumi na moja na saa mbili asubuhi, upepo haujaamka na jua halijapanda. Jioni inafaa kama maji yanakwenda chini moja kwa moja bila kugusa majani. Mmea unaonyauka saa nane mchana na kusimama tena jioni hauna shida ya maji; unajikinga na joto. Ule ulionyauka alfajiri ndio una kiu kweli.

Usiweke mbolea ya chumvichumvi kwenye udongo mkavu. Itaunguza mizizi, na mmea wenye kiu hauwezi kuitumia. Usipogoe majani ya nyanya na pilipili pia, maana ndiyo kivuli cha matunda.

Maji ya kufulia na kuogea yanafaa kwa miti na mazao yenye matunda ya juu, yakimwagwa kwenye udongo siku ileile. Yasiguse mboga za majani wala mazao ya mizizi yanayoliwa mabichi. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo au yaliyofulia nepi yatupwe. Ukianza kuona utando mweupe juu ya udongo, chumvi imekusanyika. Pumzisha eneo hilo na ulimwagilie maji safi.

Matandazo

Hakuna kazi moja inayookoa maji mengi kwa gharama ndogo kama hii, na utaratibu wake una maana. Kwanza ng'oa magugu. Pili mwagilia mpaka chini. Tatu tandaza nyasi kavu, majani au mabua yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 7 hadi 10. Nne acha nafasi ya sentimita 5 kuzunguka shina, la sivyo shina linaoza na panya wanapata maficho. Matandazo juu ya udongo mkavu huziba hata mvua ndogo isifike chini.

Epuka nyasi zenye mbegu. Maranda mabichi ya mbao yabaki juu. Ukiyachanganya na udongo yatanyang'anya mimea naitrojeni yanapooza. Matandazo yakipungua hadi sentimita 4, ongeza.

Chungu cha kufukia na bomba la matone

Kwa bustani ndogo, chungu cha udongo kilichofukiwa ni chombo cha kuheshimika. Wakulima wa China walikuwa wakikitumia takriban miaka 2,000 iliyopita. Chagua chungu cha lita 5 hadi 10 kisichong'arishwa wala kupakwa rangi. Kijaribu: kijaze maji, na baada ya saa kadhaa uso wa nje uwe na unyevu wa kulowesha vidole. Kikibaki kikavu, matundu yake yamefungwa, hakifai. Kifukie mpaka shingoni, shindilia udongo kukizunguka pasibaki uwazi, panda mimea ndani ya sentimita 20 hadi 30 kutoka ukingoni, na ukifunike ili mbu wasitage. Kijaze kila kinapobakiza nusu, kwa kawaida kila baada ya siku 3 hadi 6. Maji ya tope hukiziba. Usikiweke karibu na mti mkubwa, mizizi itakipasua.

Umwagiliaji wa matone unaotumia pipa la lita 200 unataka pipa liinuliwe mita 1, chujio kwenye koki, na mipira isiyozidi mita 15 kwenye ardhi tambarare. Mipira miwili ya urefu huo yenye matundu kila sentimita 30 ina matundu 100. Kila tundu likitoa lita 1 kwa saa, pipa linaisha kwa saa mbili. Weka kikombe chini ya tundu la kwanza na kingine chini ya la mwisho kwa dakika 15. Cha mwisho kikiwa na chini ya robo tatu ya cha kwanza, mpira ni mrefu mno, una mteremko mbaya au umeziba.

Osha chujio kila wiki, kisha fungua ncha za mipira maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe meupe. Ukoko mgumu wa chokaa huondolewa kwa kuloweka vipande katika siki. Fukia mipira chini ya matandazo: jua huichakaza, na wakati wa ukame panya na ndege huitoboa wakitafuta maji.

Majani na matunda yanasema nini

Nyanya ikiwa na doa jeusi gumu kama ngozi upande wa chini, hiyo ni kuoza kitako. Si vimelea. Kalsiamu husafiri na maji, na maji yakija kwa vipindi visivyo na mpangilio haifiki mwisho wa tunda. Kunyunyizia kalsiamu hakutasaidia kama ratiba ya maji imevurugika. Chuma matunda yaliyoathirika, weka matandazo, tengeneza ratiba.

Majani yenye vitone vidogo vya njano, kisha rangi ya shaba, yana utitiri mwekundu, mdudu anayependa joto na vumbi. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vitone vikitembea, umempata. Piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, alfajiri, mara tatu kwa wiki, na lowesha njia zenye vumbi zilizo karibu ukiweza. Dawa za kuua wadudu wa kila aina huua pia wanaomla utitiri, na mara nyingi hali huwa mbaya zaidi. Unga mweupe juu ya majani ya maboga ni ubwiri unga, ambao hauhitaji mvua ili uenee. Ondoa majani yaliyozidiwa na uache mazao mengine yaendelee.

Mifugo

Birika liwe kivulini. Mpira mweusi uliolala juani hushika maji ya moto ambayo mnyama atayakataa, basi mwaga yale ya mwanzo kwenye ndoo yapoe, usiyatupe. Sugua birika mara mbili kwa wiki. Bwawa lililopungua na kufunikwa na utando wa kijani-bluu kama rangi iliyomwagika linaweza kuua mnyama siku hiyohiyo. Lizungushie uzio mara moja.

Kuku hawatoki jasho. Wanapanua mabawa na kuhema kwa midomo wazi, na kuhema huko ndiko kunakofanya maganda ya mayai yawe membamba. Walishe alfajiri na baada ya saa kumi jioni, kwa sababu kumeng'enya chakula huongeza joto mwilini. Weka vinyweo kadhaa mahali tofauti, wanyonge wasizuiwe na wababe. Kuku aliyeacha kuhema na kulala kimya yuko hatarini: mwingize miguu na kifua kwenye maji ya baridi ya kawaida, umweke mahali penye hewa. Nguruwe naye amwagiwe maji mgongoni au apate dimbwi.

Malisho: hesabu na sumu

Ng'ombe wa kilo 400 hula takriban kilo 10 za malisho makavu kabisa kwa siku, sawa na kilo 12 za hei, yaani nyasi zilizokatwa na kukaushwa. Kwa siku 60 ni kilo 720. Ongeza asilimia 15 ya zinazokanyagwa na kuharibika, unafika kilo 830. Kama robota lako (furushi la hei lililofungwa) lina kilo 15, ni marobota 56. Hesabu yaliyopo. Yasipotosha, punguza mifugo sasa wakiwa bado na nyama mwilini: waanze wasioshika mimba, wazee na wasiotoa maziwa.

Usiache malisho yaliwe mpaka ardhini. Yakifika sentimita 8 hadi 10, toa wanyama wote, uwaweke kwenye kipande kimoja kidogo na uwalishe hapo. Kipande hicho kitaharibika. Vingine vitachipua mvua ikirudi.

Sehemu inayoua mifugo haraka kuliko njaa ni hii. Mtama na nyasi za jamii yake, zikiwa changa au zimenyauka, hutengeneza sumu ya sayanidi. Usilishe kabla hazijafika sentimita 60 hadi 75, na machipukizi yanayofuata mvua baada ya ukame ndiyo ya hatari zaidi. Ngoja angalau wiki mbili na kimo hicho kifikiwe. Kukausha vizuri kuwa hei hupunguza sayanidi kwa kiasi kikubwa.

Sumu ya pili ni naitreti, inayojikusanya kwenye mahindi, mtama na magugu kadhaa yaliyopata mbolea kisha kiu. Hii haiondoki kwa kukausha. Nyingi hukaa chini ya shina, basi kata ukiacha kisiki cha sentimita 30, na usikate ndani ya wiki moja baada ya mvua. Kusindika kuwa sileji, yaani malisho mabichi yaliyoshindiliwa na kufungiwa bila hewa yachachuke, huipunguza, ingawa si yote. Wanyama washibishwe hei kwanza, kisha wapewe malisho hayo kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kama kuna maabara ya malisho unayoweza kuifikia, peleka sampuli kabla ya kulisha.

Dalili hutokea ndani ya dakika au saa chache: kuhema kwa haraka, kuyumba, kuanguka. Katika sumu ya sayanidi damu huwa nyekundu ya kung'aa. Katika naitreti huwa ya kahawia iliyokolea na ufizi unageuka bluu. Ondoa malisho, usiwakimbize wanyama, na umwite daktari wa mifugo papo hapo. Dawa zipo kwa zote mbili, lakini muda ni mfupi mno.

Moto

Fyeka ukanda wa mita 10 kuzunguka majengo, na ghala la hei liwe mbali na nyumba na zizi. Kata nyasi asubuhi kungali na umande: kisu cha mashine kikigonga jiwe hutoa cheche, na bomba la moshi likigusa nyasi kavu linatosha. Hei iliyofungwa ikiwa na unyevu inaweza kuwaka yenyewe kutoka ndani. Chomeka fimbo ya chuma katikati ya rundo, iache dakika 15, itoe. Ikiwa huwezi kuishika, ndani kuna joto la hatari. Ita zimamoto kwanza. Usipande juu ya rundo wala kulifumua peke yako, kwa kuwa hewa ikiingia ghafla huwasha.

Kabla mvua haijarudi

Maharage ya mbegu yang'olewe maganda yakilia yakitikiswa. Nafaka ipime kwa chumvi: weka nafaka na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na nafaka irudi juani. Lengo ni asilimia 13.

Safisha mifereji ya paa sasa. Paa la mita za mraba 50 hukupa takriban lita 800 kwa mvua ya milimita 20, baada ya kutoa zinazopotea. Mvua ya kwanza ina vumbi na vinyesi vya ndege, kwa hiyo ielekeze nje mpaka maji yawe safi. Chimba mitaro midogo kukingama mteremko ungali na nafasi, kwa sababu udongo uliokauka hauwezi kumeza mvua kubwa ya kwanza.

Mvua ikinyesha, usikimbilie kupanda. Chimba mahali patatu tofauti shambani. Udongo ukiwa umelowa hadi sentimita 20 hadi 30 kote, panda. Ukikuta vumbi kwenye sentimita 10, mbegu itaota na kufa. Funika udongo, usubiri mvua inayofuata, kisha chimba tena.